Mtonesho

Saa nne usiku, Yishun, ghorofa ya kumi na moja.
Viatu nimeviacha mlangoni, mikono ingali inanuka shaba na gesi.
Yazhini ananingoja mezani
na karatasi ya majaribio, wino mwekundu umeitapakaa
kama tetekuwanga.

"Baba, swali la ishirini na tisa.
Kikombe cha maji ya barafu. Nje yake pana matone.
Yametoka wapi?"

Nikacheka, nikavuta kiti.
Miaka kumi na sita nafungua viyoyozi vya watu,
nalala chali chini ya mabomba yanayonidondokea machoni.
Kama lipo jambo moja duniani ninalolijua
bila kufunua kitabu, ni hilo tone.
"Andika," nikamwambia, "hewa imetoka jasho."

Hakuandika.
Akanitazama kama afisa wa uhamiaji
anavyotazama picha isiyofanana na uso.
"Sifuri, Baba. Hewa haina ngozi."

Akanisomea, kidole kikifuata mstari:
mvuke wa maji uliomo hewani
umegusa ukuta wa kikombe ulio baridi zaidi,
umepoteza joto, umekuwa matone.
Ukisahau "mvuke", umekosa.
Ukisahau "umepoteza joto", umekosa.
Ukisema "baridi imeingia", mwalimu hucheka kwanza,
ndipo akukate alama.

Mangai, mama yake, ana vita vyake.
Mlango wa friji ameujaza sumaku na kadi za sumaku.
Juu ya swichi: saketi, balbu mbili, betri moja.
Chooni kabandika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula,
anasema kila kitu na mahali pake.
Na ule mvuje wetu wa kwenye chungu, pale ukumbini,
umeingiliwa na viwavi, unaliwa mpaka kikonyo,
naye haruhusiwi kutoa hata mmoja.
"Amma, acha! Hilo ni swali la kumi na nne!"
Wiki ya pili sasa tunakula mchuzi usio na majani,
tunangoja kipepeo.

Mtoto akasinzia, shavu juu ya mapafu ya samaki
(hapana: samaki ana matamvua. Nimesahihishwa hilo Jumanne).
Nikamfunika kwa taulo.
Nikachukua kalamu yake yenye sungura kichwani
nikaandika jibu mara moja, mara mbili, mara tano,
mimi niliyeacha shule kabla ndevu hazijaota,
nikiogopa kuamsha mtu kwa kukwaruza karatasi.

Kesho yake nilikuwa Ang Mo Kio, kwa Bibi Quek mwenye paka watatu.
Akauliza kulikoni ukuta unavuja.
Nikaweka bisibisi chini, nikasimama wima
kama niliyeitwa jina darasani:
"Mvuke wa maji uliomo hewani..."
nikaenda nao hadi mwisho, sikuruka neno.
Paka mmoja akapiga mwayo.
"Haya," akasema Bibi Quek. "Sasa ni dola ngapi?"

Alhamisi mtihani ukaja, ukapita.
Nilimkuta nje ya lifti, begi likimning'inia bega moja.
"Haikutoka, Baba."
"Nini?"
"Tone lako. Wameuliza msuguano. Na mbegu zinazopeperushwa na upepo."

Sikujua niseme nini.
Usiku ule wote, na zile karatasi tano nilizozificha
ndani ya kisanduku cha spana.

Tukaingia ndani. Nikafungua friji,
nikatoa chupa ya maji, nikaisimamisha mezani katikati yetu.
Nje, kwenye mvuje, pupa limepasuka, tupu;
aliyetoka humo hakumngoja mtu.
Tukaitazama chupa.
Kwanza ukungu, kisha kidoa, kisha kimoja kikazidiwa na uzito
kikateremka na kuchukua wenzake.

"Mvuke," akasema.
"Jasho," nikasema.

Hakuna aliyemkata mwenziwe alama.