Nambari Thelathini na Tisa

Januari bosi aliniambia: panga wauzaji wetu,
wakubwa juu, wadogo chini,
nijue nani wa kumpelekea mchele sikukuu.
Nikapanga kwa shilingi, kama nilivyofundishwa chuoni.
Juu kabisa mawese, Ruhwanya wa Simbo, mapipa mia kwa mwezi;
halafu magadi yanayoshuka na treni kutoka Dar,
maboksi, dizeli, chumvi ya Uvinza.
Ukurasa wa pili, chini, jirani na muuza fagio:
L. Bukuru, Mwanga sokoni. Nyaya. Elfu kumi na nane.

Sikumjua. Nilidhani ni mwanamume.

Machi, Jumanne, waya wa kwanza ulikatika saa nne,
wa tatu saa tano,
na ndani ya fremu tani mbili za sabuni zilikuwa zinaganda.
Sabuni haina subira.
Ikiwa uji haikatiki, ikiwa jiwe haikatiki,
katikati una saa tatu, nne ukimwomba Mungu.
Tulijaribu waya wa uzio, ukararua.
Tulijaribu waya wa simu, ukalegea kama tambi.
Ruhwanya alileta mapipa yake siku hiyohiyo,
kwa wakati, anatabasamu,
na hatukuwa na pa kuyamimina.
Vijana wakapanda juu ya lile jiwe la rangi ya papai,
wakakaa, wakala mihogo.

"Bukuru yuko wapi?"
"Kasulu. Msibani."
"Mwingine je?"
Feni tu ndiyo iliyojibu.

Usiku ule niliisoma orodha kuanzia chini.
Ruhwanya akinuna, Mwandiga wapo, Mkongoro wapo,
mawese Kigoma hayajawahi kukosa wa kuyauza.
Lakini pipa haliwezi kuziba pengo la uzi.

Wiki iliyofuata nikamwendea. Leokadia,
fundi baiskeli, kitenge juu ya suruali, grisi hadi viwikoni.
Anafumua nyaya za breki, anachagua nyuzi tatu,
anazisokota, anazivuta kwenye msumari,
anapiga kwa ukucha, anasikiliza,
anavuta tena.
Mimi nilikuwa na maneno yangu kwenye faili:
mkataba wa mwaka, malipo ndani ya siku saba
(tulikuwa tunamlipa siku ya tisini),
na mtu wa akiba.
"Tunahitaji," nikasema, "wa pili wako."

Hakuinua uso.
"Bukuru ni pacha wa kwanza, dada.
Wa pili ni Butoyi.
Ndiye niliyetoka kumzika."

Faili likawa zito magotini.
Nikakaa tu. Akaziba pancha ya mtoto wa shule,
akampa chenji yake,
kisha akavuta daftari chini ya benchi, akanifunulia.
Naye ana orodha: majina kumi na mawili,
bodaboda, parokia, mwalimu wa Katubuka.
Kiwanda chetu kilikuwa cha mwisho.
Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu:
hawa wanachelewa. Usiwategemee.

Tulimlipa madeni yote Ijumaa.
Mei alikuja na binti wa Butoyi, miaka kumi na saba,
anayemfundisha kusikiliza waya.
Sikumwomba mara ya pili.

Bosi akaiona orodha mpya, akavua miwani:
elfu kumi na nane inakaaje juu ya mamilioni?
Nilikuwa nimehifadhi bonge moja la ile sabuni ya Machi.
Nikaliweka mezani kwake, na kisu pembeni.
Kata, nikasema.