Redio Isiyo na Mdomo

Fundi Ndahani ameing'oa redio ya zamani
kwa bisibisi mbili na neno moja la Kigogo
ambalo sitalirudia hapa.
Limebaki shimo kwenye dashibodi,
nyaya zinaning'inia kama mizizi ya muhogo
uliong'olewa kabla ya siku zake.

"Chagua, dada Sechelela."
Amezipanga tatu juu ya boneti.
Zote zina kioo, zote zina tundu la flashi,
zote zinaongea na simu bila waya.

Nauliza, mdomo uko wapi?
"Mdomo wa nini?"
Wa sidii.
Anacheka mpaka kijana wa matairi anageuka.

Hapa ni Dodoma, ananiambia, vumbi la Agosti halipigi hodi.
Linaingia kwenye chai, kwenye nywele,
kwenye Biblia iliyofungwa kwa zipu,
sembuse lenzi ndogo kama punje ya ulezi.
Miaka kumi na minne nimesafisha lenzi
kwa pamba na spiriti, na kila aliyeondoka amerudi.
Kitu cha kuzunguka hakiipendi barabara ya Mvumi.

Ni kweli. Sina la kumjibu.
Ila nina gari lenye umri wa kuolewa,
kila Alhamisi nalijaza zabibu Hombolo,
na nikishaipita Ihumwa mtandao unakata roho,
wimbo unabaki kuzunguka kwenye kioo
kama kuku aliyechinjwa vibaya.
Sidii haijawahi kuniomba vocha.

"Ndiyo maana kuna flashi."
Anaitoa mfukoni, ukucha mtupu.
"Nyimbo elfu mbili."
Elfu mbili! Nitazimaliza lini?
Mimi nina kumi na moja,
na wa saba unaruka.

Unaruka pale zeze linapoingia.
Marehemu kaka Yaledi anavuta upinde,
anavuta upinde,
anavuta upinde,
kisha anaangukia ubeti wa mwisho
kama mtu aliyeruka mfereji gizani.
Miaka tisa nimeuimba hivyo, umevunjika.
Siku waliouimba mzima kanisani, nilipotea.

Ndahani ananyamaza.
Anaivuta redio ya zamani, anafungua skrubu.
Iligoma kuitema sidii tangu Pasaka.
Inatoka sarafu ya mia mbili,
kijiti cha aiskrimu, karanga mbili,
vumbi jekundu la kujaza kizibo,
halafu sahani yenyewe, na mwandiko wa Yaledi
kwa kalamu nene: KWAYA. USIGUSE.

Anaishika kingoni, kwa vidole viwili.
Jua linadunda juu yake, linakimbia ukutani.
Zile nyingine zote mama amezitundika Mvumi,
kwa nyuzi, juu ya uwele,
zigeuke na upepo, ziwatishe kwelea.
Hakuna aliyewaambia kwelea kwamba sidii zimekufa.

Kompyuta yake ina ufa katikati,
lakini inaisoma sahani mpaka mwisho.
"Huu wa saba naweza kuuziba," anasema.
"Kuna dawa ya mikwaruzo."
Usithubutu, namwambia.
Ananitazama kama daktari
anavyomtazama mgonjwa anayerudisha vidonge dirishani.

Nimelipa elfu themanini na tano.
Redio mpya inawaka buluu, inanikaribisha kwa Kichina,
na Yaledi anavuta upinde,
anavuta upinde,
anavuta upinde.
Ameruka salama. Sijui kama ni yeye au ni hesabu zake,
lakini ameruka palepale.

Sahani nimeichomeka kwenye kizuia jua,
sijui ya nini.

Kiti cha nyuma, Ndalu, miaka minne,
amejipenyeza mpaka mbele na karanga mkononi.
Anapapasa kioo, juu, chini, pembeni,
anatafuta pa kuilisha.