Chini ya Rangi

Hallbera amelala chali juu ya saruji baridi,
kurunzi mdomoni, chini ya gari la mwanawe.
Ngao ya tumbo: bamba la milimita sita,
jeusi, linang'aa kama mkakasi.
"Nimeshapaka rangi," asema Sindri,
na hilo ndilo linalomtia shaka.

Anakwangua kwa ufunguo wa nyumba.
Hapa mshono umekaa juujuu, nta iliyodondoka,
haukuzama, chuma hakikuonjana.
Pale vitundu, vingi, kama vya mkate:
upepo wa Akureyri ulipenya mlangoni
ukapeperusha gesi.

Lakini kwenye kona, kona ile ngumu
ambapo kiwiko hakina pa kuegemea,
sentimita nne tu,
viwimbi vimefuatana bila haraka.

Anaitema kurunzi.
"Hii uliiunga lini?"
"Mwishoni. Nilishachoka.
Sikujali tena itaonekanaje."

Jumapili wanavuka uwanda wa lava,
na jiwe halisomi rangi.

Anajivuta nje, chembe za kutu nyweleni,
anamkabidhi grenda.
"Kata yote.
Kona hiyo iache,
uwe unaitazama."