Sekunde za Kugeuka

Siku ya tano tangu wazaliwe, saa moja asubuhi,
namlaza mtoto wa panya chali
juu ya kipande cha kanga iliyopauka
na kubonyeza saa.
Ana rangi ya ufizi. Macho yapo chini ya ngozi,
madoa mawili ya wino.
Miguu minne inatafuta dunia iko upande gani.
Nne. Tano. Sita na nusu.
Kageuka.
Naandika: kizimba cha tatu, mafuta ya mbura, sita nukta tano.

Kizimba cha kwanza mama yao analishwa alizeti
ya chupa, ya duka la Isevya, risiti ipo kwenye faili.
Cha pili, karanga; risiti ipo.
Mbura haina risiti.
Niliziokota mwenyewe porini, njia ya Sikonge,
kiangazi kikiwa kimebakiza vumbi la mwisho,
na shangazi Nkwimba akazivunja moja moja
juu ya jiwe la mama yake,
kokwa ngumu, zinaruka, zinauma vidole,
hadi debe zima likatoa chupa mbili za soda.
"Sisi tulipikiwa haya tukinyonyesha," akasema.
"Nionyeshe aliyetoka mjinga."
Akafikiri kidogo.
"Mhoja, basi. Na Mhoja alijitakia."

Daktari Kashindye kanichorea ubaoni:
mafuta mengine yana mnyororo wenye kona moja, mbili,
zimeachana kwa adabu kama nyumba za shambani;
haya ya mbura yana kona tatu, ukuta kwa ukuta.
"Si ya kawaida," anasema, na chaki inakatika.
Ukiyaacha hewani hayabaki mafuta.
Kweli. Kikombe nilichokisahau Ijumaa
Jumatatu nilikikuta kimeota ngozi
ya manjano, ngumu, kama rangi ya mlango.
Na ubongo, anasema, ukiukausha,
nusu yake na zaidi ni mafuta.
Mama anakula, maziwa yanabeba,
na kichwa kisichozidi punje ya harage kinajijenga
kwa kilicholetwa. Fundi huyo hachagui mchanga.

Sikumwambia kuhusu Ndimila.
Mwanangu alikaa akiwa na miezi kumi na mmoja,
akasimama wakati wenzake wanakimbiza kuku.
Hakuna aliyemshikia saa.
Mwaka ule tulikuwa Urambo, kwenye tumbaku,
bei ilianguka, nami nilikula nini?
Nakumbuka ugali. Nakumbuka mlenda usio na karanga.
Mafuta siyakumbuki.
Usiku nahesabu vijiko ambavyo havikuwepo.

Treni ya Mpanda ikipiga honi
mama wote watatu wanaganda, mkia na yote.
Watoto wanaendelea kunyonya; masikio yao bado yamefungwa.
Siku ya kumi na mbili, honi:
kizimba cha kwanza kikaruka, cha pili kikaruka.
Cha tatu kimya.
Siku ya kumi na tatu treni ilichelewa saa nne,
nikakaa na kalamu, sijala.
Ilipolia, waliruka wote saba.
Macho nayo yalifunguka siku moja nyuma ya wenzao.
Lakini kugeuka, kila asubuhi, waliwaacha.
Sita nukta tano. Nne. Mbili. Moja na kitu,
wa karanga wakiwa bado wanapigapiga hewa.

"Kwa hiyo mbura ni nzuri au mbaya?"
Daktari akafuta miwani kwa shati.
"Vizimba vitatu," akasema, "ni vizimba vitatu."
Jumamosi ataleta mizani ndogo na mkasi mdogo.
Nimeomba ruhusa.

Shangazi kapiga simu: panya wamesemaje?
Nikamwambia wamegeuka.
Akacheka, akauliza Ndimila yuko wapi.
Juu ya ukuta wa jirani, nikamjibu,
anatembea, miguu peku, na amekatazwa.

Kile kikombe nimekisugua kwa mchanga na majivu.
Ngozi haitoki.
Nakiwekea kalamu.