Tiketi ya Saa Tisa na Nusu

Juu ya kilima, nyuma ya mji wa Salitral,
pale lami inapokata tamaa na kuwa kokoto,
kuna geti, kuna feni ya mezani, kuna Bi Herlinda:
mkono mmoja unakata tiketi,
mwingine unamkatia kobe tikiti.

"Mbwa-mwitu yupo?" anauliza binti yangu Nayeli,
miaka sita, kofia ya babu yake imemmeza masikio.
"Yupo. Kuonekana, hiyo ni shughuli nyingine."
Mama analipa. Anahesabu sarafu kama anayechambua maharage,
anasema kwa bei hii wangetuwekea na tembo.

Tunaanza na mimea, kwa kuwa mimea haijifichi.
Mpungate umenenepa, matunda yake mekundu ya divai,
kila tunda na walinzi wake elfu.
Kuna fimbo ndefu, kavu, zimesimama bila jani;
ungeapa zimekufa. Kibao kinasema: zinasubiri mvua.
Mama anakisoma kibao kile mara mbili.

Na mkonge. Ulipandwa mwaka niliozaliwa.
Hapana, Mama anasahihisha, mwaka uliofuata,
mwaka wa mgomo, wachimba potashi walipokaa bila mshahara
na manispaa ikawalipa kubeba mawe, kupanda bustani.
"Shimo hilo alichimba baba yako. Alinung'unika siku nzima:
mita mia tatu chini ya ardhi, sijawahi kuchomwa na jani!"

Sasa umetoa mlingoti.
Miaka thelathini na minane ya kujiwekea akiba jani kwa jani,
na mwaka huu umeamua kuitumia yote:
mlingoti mrefu kuliko nguzo ya simu,
maua ya manjano huko juu, nyuki wamelewa,
na huku chini majani yanalegea kama soksi.
Utamaliza kuchanua, utakufa.
Nayeli anauliza kama wenyewe unajua.
Mama anatazama saa mkononi, saa ambayo hakuivaa.

Bundi ametupa mgongo.
Puma mzee, jicho moja limejaa maziwa,
aliokotwa mchanga katika gereji ya mtu,
hakufundishwa kuwinda wala kuogopa;
amelala kama mkeka uliosahauliwa uani.
Kwa mbwa-mwitu: mwamba, kivuli, beseni, mfupa.
Tunangoja dakika arobaini.
Asiyekuwepo na lake halipo, nasema, twendeni.

Nayeli hataki. Amegundua bomba linalovuja nyuma ya choo,
na pale, bure, bila kibao wala waya,
mjusi, kware saba, nyigu wawili
wamepanga foleni kwa adabu kuliko sisi benki.

Ndipo ikafika saa kumi na moja.
Honi ya mgodi, kule bondeni,
ikatoa mlio wake mrefu wa kubadilisha zamu,
na nyuma ya mwamba mtu akajibu.
Si mtu. Ila nilidhani mtu.
Sauti ilianza chini, ikapanda ikiitafuta honi hewani,
ikaipata, ikatembea nayo bega kwa bega,
na honi iliponyamaza, yeye hakunyamaza.
Puma alifumbua lile jicho zima.
Mama alimvua Nayeli kofia
akaishika kifuani kwa mikono miwili,
vile alivyokuwa akisimama mlangoni kwetu
siku ambazo honi ililia saa isiyo yake.

Getini anadai arudishiwe nusu.
"Hatukumwona."
"Mmemsikia," anasema Bi Herlinda, akifuta kisu.
"Kumsikia ni ghali zaidi. Hiyo nimewaachia."

Garini, kiti cha nyuma, Nayeli anaijaribu ile sauti,
polepole, midomo imefungwa.
Mama hageuki.
"Anza chini zaidi," anamwambia.