Tundu Chini ya Usukani

Gari la Balvinder Sahota liliondoka saa tisa na dakika kumi na moja usiku.
Halikuvunjwa kioo, halikupiga kelele,
mbwa wa kina Pugh hakubweka.
Kamera ya mlangoni ilimwona kijana mwenye kofia ya sweta
ameinama upande wa dereva kama afungaye kamba za viatu,
kisha taa zikawaka
zikamwonyesha njia.

Watu wa bima wakauliza: funguo zote mbili unazo?
Akaziweka mezani. Zote mbili zipo,
kama mashahidi waliolala fofofo.

Mimi ni binti wa Horace Tranter, mfua makufuli wa Willenhall,
mji ambao zamani kila ua ulikuwa na karakana,
na kila karakana na mtu mwenye kibiongo
cha kuinamia jiliwa tangu utotoni.
Husemwa kuta za vilabu zilitobolewa mashimo
migongo ile ipate pa kuegemea pombe ikinywewa.
Husemwa. Mimi niliuona mmoja tu, mgongo wa babu,
na haukuwa wa kuchekesha.

Baba alikuwa na tupa, na kidole gumba
kilichotambua unene wa unywele gizani.
Ufunguo, alisema, ni meno yanayokumbuka kinywa kimoja.

Sasa ufunguo ni kibogoyo.
Ni neno la siri linalonong'onwa hewani,
na chini ya usukani, karibu na goti,
kuna tundu la pini kumi na sita
waliloachiwa mafundi: gari likiugua
waliulize wapi panauma.
Mwizi amevaa koti la tabibu.
Anachomeka kidude chake, anasema:
andika, huu nao ni ufunguo wako.
Nalo linaandika,
nyenyekevu kama karani wa siku ya kwanza kazini.

Balvinder alikuwa akiwapeleka wenye figo mbovu kusafishwa damu,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Mle ndani kiliondoka pia kiatu cha Jeevan, cha kushoto,
na mtoto kwa wiki nzima alikataa kukivua cha kulia,
hata kitandani.

Lilipokuja gari jingine, mkopo juu ya mkopo,
nilifungua sanduku la baba.
Nikakata bamba la chuma, nikalikunja,
nikalitia kufuli la ndimi saba
nililolipiga tupa siku nne, miwani ikinidondoka.
Nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje kwenye manyunyu, miaka sabini na mmoja,
nikalifungia tundu lile ndani ya chuma.
Balvinder akacheka: kompyuta arobaini,
na mlinzi wao ni wewe!
Kisha akanyamaza, akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.
Vile vibogoyo viwili vinalala kwenye kopo la biskuti,
kifuniko kimebana, visiropoke usingizini.

Usiku wa kumi na tisa kamera ikamwona tena,
yeye, au ndugu yake kwa kofia.
Mlango ulifunguka. Aliinama. Akapapasa.
Sekunde arobaini, hamsini,
mkono ukitafuta tundu, ukikuta ukuta.
Akaondoka bila kuufunga mlango,
taa ya ndani ikakesha mpaka kulipokucha.

Asubuhi nilipitisha gumba juu ya mikwaruzo:
bisibisi pana mno, imeshikwa vibaya, kwa hasira.
Hakuna aliyemfundisha huyu kushika chombo.
Nilitaka kumchukia zaidi ya hapo.

Nilipoinuka, kiuno kikinilaumu,
nikaona ng'ambo ya barabara
lami yote imelowa mvua ya jioni
isipokuwa mstatili mmoja mkavu, mrefu kama gari.
Katikati yake amesimama Desmond Pugh
kwa ndara na nguo za kulalia,
mbwa akinusa ukingo wa ule ukavu,
na yeye anatazama kiganja chake,
funguo zote mbili.