Chumba cha Mbele

Ruzuku ilikuja na jedwali la safu kumi na moja,
ikaisha Juni, kama ilivyoandikwa.
Mahali pa "mafanikio" nilijaza:
Kibwana amekula mwenyewe, kwa kijiko.
Wafadhili wakarudisha. Walitaka tarakimu.

Bi Mwanakheri wa Barabara ya Kumi na Nne
aliingia kwetu mara moja tu,
kanga ya pili mabegani, kaja kugomba:
Watoto wenu wanapiga mabati saa nane,
na mimi ndipo nimejinyoosha!

Wasia wake ulisomwa uani,
wanawe macho chini:
theluthi ya nyumba, yaani chumba cha mbele,
kodi yake wapewe wale wenye kelele.

Mpangaji ni Singano, kinyozi.
Hulipa kwa kuchelewa, noti zina nywele.
Tunanunua mkaa, nepi za Kibwana,
na nusu mshahara wa mlinzi.
Hakuna jedwali. Juni inapita
kama mwezi mwingine wowote.

Siku hizi, ikigonga saa nane,
hakuna kanuni ukutani, hakuna aliyeagiza,
mabati yananyamaza.
Kibwana anaweka kidole mdomoni:
Bibi kalala.